Macho Yasiyoshuka Chini

Baba alipoanza kuziacha korosho chini ya mikorosho, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kukasirika. Ninafundisha shule ya msingi Masasi, na mwisho wa wiki nilikuwa napanda kwenda nyumbani Makote kumwangalia, maana mama alishafariki na ndugu zangu wako mbali. Jumamosi moja nilimkuta shambani anazikanyaga korosho kama kokoto. Nikamwambia, "Baba, unazipita hizo." Akauliza, "Zipi?" Nikaona ananichezea.

Kisha akaanza kuanguka. Hakujikwaa kama wazee wengine. Alikwenda chali, kama mtu aliyesukumwa kifuani. Na ulikuwa msimu wa mabibo, matunda ya mkorosho, wakati uani kwa watu wengi kuna ndoo ya uraka, pombe ya mabibo hayo, inachacha. Kwetu mtu akianguka msimu huo, hakuna anayeuliza anaumwa nini. Jirani yetu, mama mwenye heshima zake, alinivuta pembeni: "Mwalimu, baba yako siku hizi anaonja. Ongea naye, ni mtu wa msikitini yule." Lisemwalo lipo, nikajisemea. Akili za kuambiwa nilizibeba zote, zangu sikuchanganya hata chembe.

Nilimuuliza. Akajibu, "Mie sinywi, mwanangu. Tangu nizaliwe sijaonja." Uso wake ulikuwa mkavu, macho ameyakodoa mbele bila kupepesa, nami nikaona ndio uso wa mtu anayedanganya. Nikanusa kikombe chake. Kilinuka chai. Nikamnusa na mdomo, baba yangu mzazi, usinuke kitu, nikasema basi ameshajua kusukutua.

Msikitini hakuna aliyemfukuza. Ila siku alipoanguka wakati wa kuinuka kutoka kwenye sijida, wenzake walitazamana, na baada ya hapo hawakumpitia tena wakienda kusali. Akawa anasali ndani peke yake. Watoto wa njiani walimwamkia, marahaba yake ikachelewa kutoka, wakaacha. Mimi nilirudi Masasi, nikakaa miezi mitatu bila kwenda. Nilisema nina mitihani ya kusahihisha. Mitihani ilikuwepo kweli, lakini nilikuwa namwonea aibu.

Mwaka wa pili alianguka akavunjika mkono. Hospitali wakamtazama, wakatupa rufaa ya Dar es Salaam. Daktari wa huko, binti mdogo kuliko mimi, aliinua kidole mbele ya uso wa baba. Kidole kikaenda kushoto, macho yakakifuata. Kulia, yakakifuata. Kikashuka, macho yakabaki palepale.

Ndipo akanieleza habari za tau. Ni protini, sote tunayo ndani ya seli za ubongo. Inafanya kazi kama kamba tunazofungia fito za nyumba ya udongo: inazishikilia njia ndogo ambazo seli hupitishia mahitaji yake. Kwa mgonjwa kama baba, kamba hizo hufunguka, hujisokota mafundo, na seli hufa. Wengine huanza kwa kupoteza kumbukumbu. Kwa baba uharibifu ulianzia panapoongoza macho na kusimama wima. Kwa nini, wataalamu hawajajua vizuri. Dawa ya kuuponya ugonjwa huo hakuna.

"Kwa hiyo si pombe?" niliuliza, naye baba yupo hapo hapo.

Daktari akanishangaa. "Pombe imeingiaje hapa?"

Tuliporudi Makote nilizunguka na karatasi ya hospitali: kwa jirani, kwa imamu, kwa wazee wenzake. Waliniamini wote, tena upesi, na hilo liliniuma kuliko kama wangebisha. Baba mwenyewe alisema kwa kinywa chake mwaka mzima na zaidi asisikilizwe. Wachache walikuja kumpa pole. Sauti yake ilikuwa imeshaanza kufifia, hawakujua waongee naye nini, wakakaa kidogo wakaaga.

Walipoondoka nikawa namlisha uji, maana bakuli likiwa chini ya kidevu halioni. Nikamwomba radhi. Nikamwambia nilimkosea, kwamba mimi ndiye niliyepaswa kumwamini kabla ya mtu yeyote. Ulimi wake ulikuwa mzito, sentensi moja ilimchukua muda mrefu, kwa hiyo niliweka kijiko nikangoja.

"Wale, sawa," alisema. Akapumzika. "Wewe nilikuwa nakungoja."