Habari za Parmuat Hazikufika Mwisho

Parmuat alizaliwa mahali ambapo leo Kitengela ina kituo cha mafuta na duka la vitanda. Ukimwuliza boma la baba yake lilikuwa wapi, huonyesha kwa fimbo, bila hamu, pale magari yanapojazwa upepo. Nyumbu walikuwa wakija kuzaa hapo mvua ikinyesha, na hakuna aliyewafukuza. Kisha zikaja ploti, zikaja nyaya, zikaja kuta zenye vipande vya chupa juu, na nyumbu wakaacha kuja. Baba yake aliuza kama wengine walivyouza. Familia ikasogea ng'ambo ya Isinya, upande wa Kajiado, ambako nyasi ni haba lakini mtu bado anamwona mgeni akiwa mbali. Watu kama hao huitwa wenyeji. Ni neno la heshima wanalopewa watu waliokwisha kuhamishwa.

Hana sifa ya kuandikwa gazetini. Alisoma madarasa machache, akarudishwa machungani. Huuza mbuzi soko la Kajiado, na Jumapili huketi benchi la nyuma kanisani. Mkewe alifariki binti yao Nalotuesha akiwa bado mdogo, hakuoa tena. Alimlea mtoto huyo akisaidiwa na mke wa Koinet, ndugu yake mwenye boma la karibu.

Kitu kimoja tu alikishika kuliko wenzake, nacho ni namna ya kutoa habari. Kwa Wamaasai wa rika lake habari ina mpangilio. Anayeulizwa huanza kwa kusema kwamba watu wako salama, watoto wako salama, ng'ombe wako salama, hata kama ndani ya nyumba kuna maiti. Anayesikiliza huitikia "ee" kila kituo. Baadaye huja mvua, majani, nani alipita njiani. Ubaya hutajwa mwisho, wakati wote wawili wameketi na pumzi imetulia. Kuanza na ubaya kulikuwa kama kumtupia mtu jiwe mlangoni. Vijana wa siku hizi, hata wa boma hizo hizo, wanatumiana kiuso cha njano kinachocheka na kuhesabu kwamba wamesalimiana.

Nalotuesha aliingia chuo kikuu kimoja chenye tawi Kitengela, akasomea uuguzi. Mwaka wa tatu alichaguliwa pamoja na wenzake wachache kwenda Uturuki muhula mmoja, kujifunza katika hospitali za huko. Kabla ya safari wazazi waliitwa ukumbini, na Parmuat akaenda na shuka lake jekundu, akaketi katikati ya makoti.

Aliyesimama mbele ni Waceke, binti wa mwuza mbao wa Kitengela, aliyekuwa ameajiriwa na chuo kulinda wanafunzi wakiwa nje ya nchi. Alieleza vizuri, hakuna wa kumlaumu kwa hilo. Kila mwanafunzi alikuwa na bima. Nakala za pasipoti zilikuwa zimehifadhiwa. Wasitembee peke yao gizani, wasipande gari la mtu wasiyemjua. Kila jioni kila mmoja angetuma ujumbe wa neno moja, "salama". Asipotuma, Waceke angempigia simu, asipopatikana angepigia hosteli, kisha familia. Ikiwa familia imeongea naye na inasema ni mzima, basi jambo limeisha.

Parmuat alisimama akiinua mkono. "Anaposema salama, nani anamwona uso?"

"Wapi, mzee?"

"Huko huko. Nani anamwona?"

"Kuna kamera mpaka kwenye korido, mzee."

"Mpatie mchungaji aende naye," alisema baba mmoja wa nyuma, na ukumbi ukacheka. Parmuat naye alitabasamu kidogo, kwa adabu, akaketi.

Wiki za kwanza zilipita bila tatizo. Nalotuesha alikuwa akipiga simu na kulalamika kuhusu baridi na chai isiyo na maziwa. Kisha Jumamosi moja mchana alipiga, sauti ikiwa chini.

"Papa, kichwa kinaniuma. Shingo imekaza, siwezi kuinamisha. Mwangaza unaniumiza macho."

"Umekula?"

"Nimetapika."

"Wenzako wako wapi?"

"Wameenda kutembea mji mwingine, watarudi kesho kutwa. Nitalala tu."

"Wewe ndiye unasomea ugonjwa, nakerai, mwanangu. Hiyo shingo ni ya nini?"

"Ni mafua, papa. Niko sawa."

"Waambie watu wa chuo."

"Nitawaambia."

Hakuwaambia. Jioni hiyo hakutuma neno lake, na asubuhi ya Jumapili Waceke alifanya kama alivyoahidi ukumbini. Alipiga simu ya msichana, haikupokewa. Alipiga hosteli, mlinzi akasema hajamwona akitoka wala akiingia. Kisha akampigia baba.

"Halo, ni baba ya Nalotuesha?"

"Ndiye. Sopa."

"Sopa, mzee. Ni Waceke wa chuo. Umeongea na yeye hivi karibuni?"

"Tumeongea jana."

"Na anaendeleaje?"

"Tuko salama. Watoto wako salama. Yeye pia yuko salama."

"Haki nimepumua. Asante sana mzee, nilikuwa nimeshtuka. Mbarikiwe."

"Ng'ombe pia..." alianza Parmuat, lakini simu ilikuwa imekatwa.

Alibaki ameishika. Alidhani ni mtandao. Mtu aliyekatizwa katikati ya habari hungoja, kwa sababu anayesikiliza ndiye huuliza "na nini tena?", na hajawahi kutokea mtu wa kuinuka kabla ya kuuliza hivyo. Koinet alimkuta amesimama kando ya zizi.

"Umewaambia kuhusu shingo?"

"Bado. Ilikatika nikiwa kwa ng'ombe."

"Si upige wewe."

Alipiga namba ile ile iliyompigia, kumbe ni ya ofisi. Akasikiliza, akaondoa simu sikioni, akaitazama.

"Kuna mama ndani anaongea Kiingereza bila kupumua. Anataka nibonyeze moja, nibonyeze mbili."

"Bonyeza."

"Nimebonyeza. Sasa anaimba."

Koinet alicheka, na Parmuat akacheka pia. Walijaribu tena wakakutana na wimbo ule ule, kwa maana ilikuwa Jumapili na ofisi zilikuwa zimefungwa. Wakampigia Nalotuesha, simu ikaita mpaka ikanyamaza. Wakasema amelala. Wakapeleka mbuzi maji, Parmuat akibeba simu mkononi badala ya kuitia kiunoni, ili asikie yule dada wa chuo atakapopiga kumalizia.

Waceke hakupiga. Kwake jambo lilikuwa limeisha.

Wenzake Nalotuesha walirudi hosteli Jumatatu jioni wakamkuta sakafuni. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo, ule ugonjwa unaovimbisha ngozi ya ubongo. Kuanzia hapo kila kitu kilichopangwa kilitendeka. Bima ililipa. Daktari alipatikana, na mkalimani. Waceke mwenyewe alipanda ndege akakaa naye hospitali, akamlisha, akamchana nywele, akarudi naye. Nalotuesha hakufa. Aliporudi miguu ilikuwa inatembea na akili ilikuwa yake, ila masikio yalikuwa yamekufa yote mawili. Madaktari walisema ingewezekana kuyaokoa kama dawa ingeanza mapema, kisha wakasema haina uhakika, kama wanavyosema siku zote.

Chuo kilifanya kikao cha kuchunguza. Parmuat na Koinet waliitwa Kitengela, wakapewa viti laini na maji ya chupa. Mkubwa mmoja alisoma kwamba baba wa mwanafunzi alithibitisha kuwa binti yake yuko salama.

"Ni kweli ulisema hivyo, mzee?"

"Nilisema."

"Na ulikuwa unajua ni mgonjwa?"

"Nilijua."

Watu wa kikao walitazamana. Unaona katika nyuso kama hizo wakati mtu anapoandikwa kuwa mjinga.

"Sasa mbona ulisema yuko salama?"

"Nilikuwa nimeanza," alisema Parmuat.

Hawakuelewa. Koinet ndiye aliyemgeukia Waceke. "Huyu alikuwa bado kwenye salamu, dada. Wewe ulikuwa umeshafika kwako, unavua viatu."

Waceke alizaliwa Kitengela. Amenunua maziwa kwa mama za Kimaasai tangu utotoni, na shuleni alikaa dawati moja na watoto wao. Hakuna aliyewahi kumwambia, naye hakuwahi kukaa na yeyote kati yao muda wa kutosha kusikia habari ikifika mwisho. Aliinamisha kichwa.

Baadaye chuo kilibadilisha utaratibu. Sasa anayepigia familia ni lazima aulize "kuna kingine?" mpaka aambiwe hakuna, na ni lazima awe wa mwisho kukata simu. Wamekiita kipengele kipya na wanakifundisha kwa picha ukutani. Kilichokuwa kikijulikana na kila mtoto mchunga ndama kimepita mlango wa chuo kikuu, na watu wanapongezana.

Mwezi uliofuata Waceke alikuja bomani kumwona msichana. Nalotuesha alileta chai akiongea kwa sauti kubwa mno, kwa sababu hasikii sauti yake mwenyewe, akaenda kuketi penye kivuli cha nyumba akisoma vitabu vyake. Chuo kimemruhusu kumaliza masomo, lakini wodi gani itampokea muuguzi asiyesikia mgonjwa akiita, hilo halijajibiwa.

Waceke aliketi kwenye kigoda, akashika kikombe kwa mikono miwili.

"Habari za hapa, mzee?"

"Mtoto hasikii," alisema Parmuat.

Waceke alingoja. Safari hii alikuwa na muda wote, gari limezimwa, simu ameiacha ndani ya gari.

"Ee," aliitikia. Kisha, "Na nini tena?"

"Hakuna."

"Ng'ombe je? Mvua?"

"Hakuna tena."

Akangoja zaidi, mpaka chai ikapoa. Parmuat alikuwa anatazama upande wa barabara ya Namanga, ambako malori hupita. Hakuwa na hasira naye. Mwishowe Waceke aliinuka, akaaga, akamgusa Nalotuesha begani ili ajue kuwa mgeni anaondoka. Msichana alisimama akampungia mkono, kisha akaja kukusanya vikombe.