Dobi wa sauti ya pili anayesubiri jibu la chuo kikuu

Saa moja na robo asubuhi mlango wa chumba cha dobi cha hospitali unafunguliwa, na mvuke unatoka kabla ya mtu yeyote. Ndani, wanawake wawili wanatazamana, katikati yao shuka jeupe. Wanashika ncha, wanavuta, wanakung'uta mara moja, kisha wanatembea kukutana. Ncha zikigusana, mmoja anaachia, mwingine anakunja.

Huku wakikunja, wanaimba. Mnene, mwenye kilemba cha bluu, anaimba wimbo kama unavyojulikana na kila mtu. Mrefu anatembea chini yake na sauti nyingine, haipandi sana wala haishuki sana, kama mtu anayeshikilia ngazi ili mwenzake apande.

Habari hii ni ya huyo mrefu. Ana miaka arobaini na sita, ni mama wa watoto wawili, na kwa miaka ishirini na miwili amefua, amenyoosha na kukunja mashuka ya wodi tisa. Kazini na kwenye kwaya ya kanisani kwao wanamwita Alto, yaani sauti ya pili, ile ya wanawake wanaoimba chini ya sauti inayobeba wimbo.

Mwaka huu Alto ameomba kusomea shahada ya muziki chuo kikuu.

"Watu wananiuliza, 'Shahada ya kuimba? Si unaimba tayari?'" anasema na kucheka. "Nawajibu, na wewe unaongea tayari, mbona mwanao anasomea lugha?"

Kwa siku, yeye na mwenzake, ambaye kila mtu humwita Shangazi, hukunja mashuka mia nne na zaidi. Ngozi ya viganja vyake imepasuka kwa dawa ya madoa. Kidole chake kidogo cha kushoto hakikunjiki vizuri tangu kilipobanwa na mashine ya kunyooshea, miaka sita iliyopita.

"Kinanda kitanisamehe," anasema.

Aliacha shule akiwa kidato cha pili, mama yake alipopata kiharusi na wadogo zake wanne wakabaki mikononi mwake. Alirudi darasani akiwa na miaka thelathini na tisa, katika masomo ya jioni ya watu wazima. Alikaa dawati la mbele. "Kwa sababu ya macho," anaeleza, "si kwa sababu ya akili."

Kila jioni kabla ya kufungua daftari aliinamisha kichwa na kumwambia Mungu maneno mawili tu: "Nisaidie nisilale." Ilimchukua miaka mitano na mitihani mitatu ya hesabu kupata cheti. Anasema hajawahi kuona sala fupi iliyojibiwa kwa taabu ndefu namna ile, lakini ilijibiwa.

Kwa nini muziki? Hapa Alto anaweka foronya aliyokuwa ameishika juu ya meza.

Nyimbo humjia akiwa kazini. Humjia nzima, sauti zote nne kwa pamoja, hata za wanaume. Lakini anachojua kuandika ni zile herufi za do, re, mi ambazo kwaya yao huzitumia, nazo huziandika taratibu, sauti moja kwa wakati. Akimaliza sauti ya pili, nyingine zimeshaondoka.

"Mtu akifa hapa hospitali anaandikwa jina, saa na tarehe," anasema. "Wimbo wangu ukifa, hakuna hata anayejua ulikuwapo."

Wimbo mmoja aliwahi kuukamata wote. Hakuwa na karatasi karibu, akauandika kwa wino wa kuwekea mashuka alama, juu ya shuka kuukuu lililokuwa limeondolewa kwenye hesabu ya wodi. Akaenda mapumziko ya siku mbili. Aliporudi, shuka lilikuwa limeshakatwa matambara ya kudekia.

"Nikakuta kipande kimoja kwenye ndoo. Kimebaki na so, la, so."

"Nikamwambia, mwenzangu, angalau sakafu imesifu," Shangazi anadakia.

Wanacheka wote wawili. Alto ndiye anayeacha kucheka kwanza.

Chuo kilitangaza nafasi mbili kwa watu wazima watakaopimwa kwa kipaji na kufundishwa kusoma nota wakiwa chuoni. Walioomba walikuwa thelathini na mmoja. Binti yake mkubwa, mwenye miaka ishirini, alimjazia fomu kwenye simu. Kilichobaki kilikuwa kurekodi wimbo mmoja, mwombaji akiimba peke yake.

Alto alijifungia kwenye stoo ya mashuka, mahali ambapo rafu zilizojaa nguo hunyamazisha makelele ya mashine. Aliomba, akaimba wimbo wa shukrani ambao karibu kila kanisa huuimba, beti zote nne, bila kukosea hata mahali pamoja. Binti akautuma.

Baada ya wiki mbili simu ikaita. Alikuwa mhadhiri wa chuo.

"Mama, shikamoo. Sauti yako imetulia sana. Ila tumekaa watu watatu hapa tangu asubuhi, tumeshindwa kujua huu ni wimbo gani."

Alto akamtajia.

Kisha mhadhiri akasema, "Sasa mama, wimbo wenyewe uko wapi?"

Alikuwa ameimba sauti ya pili. Beti zote nne, sauti ya pili tupu, bila ile inayobeba wimbo.

"Jioni binti yangu aliniuliza, 'Mama, kweli hukusikia?' Nikamwambia, mwanangu, mimi nilikuwa nasikia kwaya nzima!"

Anasema simu ilipokatika alicheka mpaka akaketi juu ya gunia la nguo chafu. Halafu, akiwa bado ameketi pale, akalia. Tangu ana miaka kumi na minne amesimama mstari uleule wa kwaya. Kazini Shangazi hubeba wimbo, yeye huweka chini yake. Hakumbuki lini aliimba wimbo wowote kama wenyewe ulivyo.

Mhadhiri alimpa nafasi nyingine: aje mwenyewe baada ya siku kumi, aimbe wimbo uleule, sauti ya kwanza.

Kwa siku kumi Shangazi alikatazwa kuimba. "Adhabu gani hii," analalamika mpaka leo. "Nakunja shuka nimefunga mdomo kama niko kwa daktari wa meno." Alto aliimba sauti ya kwanza asubuhi hadi saa ya chakula. Nyumbani binti alimsikiliza akipika, na kila mama yake alipoteleza alipiga sufuria kwa kijiko.

Siku ya siku, mkuu wa kitengo alimpa ruhusa ya nusu siku. Alivaa gauni lake la kanisani. Katika chumba cha usaili kulikuwa na wahadhiri watatu na piano. Aliomba dakika moja ya kusali, wakamruhusu.

Ubeti wa kwanza aliuimba sawasawa. Wa pili pia. Katika ubeti wa tatu aliona mhadhiri wa katikati, mama wa makamo, ameinua kichwa. Ndipo aliposikia: alikuwa ameshateremka kwenye sauti ya pili, bila kujua tangu neno gani.

"Nilitaka kukatisha niombe radhi," anasema. "Yule mama akaanza kuimba. Akaushika wimbo, mimi nikabaki chini. Mwenzake akajiunga kwa piano. Tukaumaliza hivyo."

Mhadhiri wa tatu aliandika kwa muda mrefu, kisha akamwambia majibu yatatoka mwisho wa mwezi.

Alichoandika, Alto hakijui. Huenda ni kwamba mwombaji ameshindwa mtihani mara mbili kwa kosa lilelile. Huenda ni jambo lingine. Kila siku anaigeuza dakika ile kichwani, na kila siku inatoka tofauti.

Hata hivyo ameshazungumza na mkuu wake kuhusu kuhamia zamu ya mchana, kwa kuwa masomo ya chuo yatakuwa asubuhi. Binti yake amemtafutia daftari lenye mistari mitano mitano ya nota. Bado halijaandikwa kitu.

Na akikataliwa?

Alto anachukua ncha mbili za shuka lingine na kumsubiri Shangazi ashike zake.

"Nimemwomba Mungu jambo moja," anasema. "Kama jibu lake ni hapana, basi aiondoe kwanza hamu hii, nisibaki nayo. Namwambia kila siku kabla sijatoka kitandani. Leo pia nimemwambia." Anavuta shuka likakaza. "Iko palepale."