Kenge Ndani ya Ndoo

Mama Edson aliwadharau watu wengi, lakini wa kwanza wao alikuwa paka wake mwenyewe. Alimwita Bwana Afya, kwa kuwa hapakuwa na jiko pale mtaani ambalo paka yule hakulikagua. Majirani walidhani ni jina la mapenzi. Hawakumjua.

"Amejifunza kukamata, kuua kumemshinda," aliniambia siku ya kwanza nilipohamia. "Kazi nusu, halafu anataka asifiwe."

Nilipanga chumba cha uani kwake, pale Runzewe, kwa miaka minne, na cherehani yangu ilikaa barazani, kwa hiyo mengi yalinipitia mbele ya macho. Hazikupita siku tatu kabla Bwana Afya hajapenya chini ya ua wa minyaa na kitu kinachopumua mdomoni. Mara mjusi, mara panya wa shambani, mara kifaranga cha kwale, na siku moja popo. Alikiachia katikati ya sebule, kisha akakaa pembeni kulamba mguu, kana kwamba kazi iliyobaki ni ya mtumishi.

Mama Edson hakupiga kelele wala hakukimbia. Alimshika paka ukosi akamfungia stoo, akafunga milango ya vyumba, kisha akachukua ndoo tupu ya rangi. Alimfunika mnyama kwa ndoo ile, akapenyeza kipande cha boksi gumu chini yake, akaigeuza taratibu. Panya ndiye pekee ambaye Mama Edson hakuwahi kumsamehe, maana yeye alikuwa mkulima. Alimpeleka nyuma ya choo akammaliza kwa pigo moja la mpini wa jembe. Wengine wote aliwapeleka ng'ambo ya minyaa, akawaachia kwenye majani. Jirani mmoja aliwahi kumwomba kile kifaranga cha kwale ili wanawe wakichezee kidogo. Mama Edson alimtazama tangu kichwani hadi kwenye ndala.

"Nimekitoa mdomoni mwa paka," alisema, "ili nikitie mdomoni mwa nani?"

Jina lake la ubatizo lilikuwa Monika. Mumewe, Nestory, alifariki Edson akiwa darasa la tatu, na tangu hapo alimlea mtoto kwa magwangala, yale mawe ya mabaki yanayotupwa nje ya mashimo ya dhahabu. Wanawake waliyaokota, wakayaponda kwa nyundo na kutafuta chembe zilizosahauliwa na wenye shimo. Walinzi walipotokea, walikimbia. Kidole gumba chake cha kushoto hakina kucha hadi leo. Kwa mawe hayo Edson alifika kidato cha nne.

Naye Edson akawa mtu mkubwa, kwa jinsi wanavyohesabu ukubwa siku hizi. Alikuwa msimamizi wa walinzi kwenye machimbo ya tajiri mmoja, njia ya kwenda Geita. Alikuja kumsalimia mama yake na buti miguuni, tumbo mbele na rungu ndani ya gari. Hakuwa na hadithi nyingine ila ile ya wanawake waokota mawe: jinsi alivyowatimua, jinsi walivyoacha ndoo na viatu, jinsi mmoja alivyoanguka na mtoto mgongoni. Alicheka peke yake. Mama yake aliendelea kuchambua maharage. Nilidhani huo ndio udhaifu wake, kwamba hata yeye ana mtu mmoja asiyeweza kumwona alivyo.

Edson alijenga nyumba Geita, akaja kumchukua mama yake ili wakaishi wote. Mama Edson alikubali, jambo lililonishangaza. Alinikabidhi kuku wake, akafunga sufuria ndani ya shuka, akakunja godoro. Jumapili, baada ya misa ya pili, Edson aliwasili na mkewe, Salome, binti mpole ambaye ukimuuliza jambo humtazama kwanza mumewe.

Walikuwa wanakunywa chai. Kutoka barazani nilimsikia Edson akisimulia kwamba juzi amemkamata bibi mmoja na nusu ndoo ya mawe, akamwamuru ayamwage yote na arudi kwao kwa magoti mpaka barabarani. Hapo ndipo Bwana Afya alipoingia.

Safari hii alikuwa na kenge mchanga, urefu wa mkono toka kiwiko. Akamwachia kwenye zulia. Kenge akavimba shingo, akafoka, akapiga mkia sakafuni. Edson alipanda kwenye kochi na buti zake, na alipoliona kochi ni fupi akapanda mkono wa kochi, akashika pazia, likashuka pamoja na fimbo yake. Alimwita mama yake. Kisha alimwita mkewe, akimtaka asimame mbele. Salome alibaki na chupa ya chai mkononi asijue pa kuiweka.

Mama Edson aliweka kikombe chini, akamfungia paka stoo, akafanya kama siku zote. Kenge akatulia ndani ya ndoo. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umeumia. Akaitua uani, akaingia ndani kufuata viatu ili avuke minyaa.

Ndipo Edson akashuka. Alikwenda kwenye gari, akarudi na rungu, akaanza kutwanga ndani ya ndoo. Alipiga mara ya tano, ya sita, hata ndoo ikapasuka. Alipomaliza alinitazama mimi, akihema, kama mtu anayesubiri kushukuriwa.

Mama Edson alitoka na viatu vyake. Akachungulia ndoo. Akamtazama mwanawe.

"Alipokuwa sebuleni ulipanda kiti," alisema. "Alipokuwa kwenye ndoo ndipo ukakumbuka kwamba una rungu."

Edson alijaribu kucheka. Alisema ni mdudu tu.

"Na wale wanawake wako wa machimboni? Umewahi kumpiga hata mmoja ambaye hayumo kwenye ndoo?"

Hakungoja jibu. Aliingia ndani, akafungua shuka, akaanza kurudisha sufuria kwenye kabati, moja baada ya nyingine. Edson alimfuata akieleza kwamba chumba kiko tayari, kitanda kimenunuliwa, watu watasema amemtelekeza mama yake. Alinijia barazani, akaniomba nizungumze na mama yake kama mtu mwenye akili. Nilikuwa napinda sketi ya mteja. Nikaendelea kukanyaga cherehani.

Akaenda kukaa ndani ya gari, akapiga honi.

Salome alikuwa bado sebuleni, akirudisha pazia. Mama Edson alimshikia fimbo, kisha akamfungia michembe, vile viazi vilivyokaushwa, kwenye mfuko. Nilimsikia yule binti akisema kwa sauti ndogo, "Hata nyumbani ni hivyohivyo, mama."

Mama Edson hakuonyesha mshangao. "Njia ya kuja hapa umeiona," alimwambia.

Mwezi wa tatu baada ya siku ile Salome akarudi na mifuko miwili. Hakuulizwa kitu. Alionyeshwa pa kulala, na kesho yake wawili hao walikwenda kulima matuta. Edson alifika baada ya juma moja, akasimama nje ya minyaa, akasema amekuja kumchukua mke wake. Mama yake aliitikia shikamoo yake, akamwambia Salome yuko jikoni, mwiko mkononi, aingie akamwombe mwenyewe.

Edson hakuvuka. Alisimama pale akihamisha uzito kutoka buti moja hadi jingine. Kisha akatoa simu mfukoni, akaiweka sikioni, akaondoka akizungumza kwa sauti ya bosi. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa minyaa, karibu naye kabisa. Sikuisikia ikiita.