Tofali la Nguzo ya Tatu

Chokaa ikimwagiwa maji hutoa harufu ya mvua iliyonyeshea majivu. Juzi mjukuu wangu alikuwa anapaka chumba chake kule Nyahanga, nikatoka nje nikakaa juu ya ndoo, machozi yananitoka. Akaniuliza, "Bibi, chokaa imekuingia machoni?" Nikasema ndiyo. Ninyi sitawadanganya.

Kanisa letu huko Bukombe lilikuwa la tofali za kuchoma, kongwe kuliko mama yangu. Matao yake mapadre Wazungu waliyachora kwenye karatasi, lakini waliojenga ni babu na bibi zetu, ndiyo maana juu ya milango tofali zimelala mshazari kama msuko wa vikapu vyetu. Mimi shule niliishia darasa la tatu, ila ukuta ninajua kuusoma. Wanaume walichoma tanuri, wanawake walikanyaga udongo na watoto mgongoni. Nimeenda mbali, nirudi.

Bibi yangu, mzaa mama, kila Jumapili alikaa kwenye nguzo ya tatu, kiganja kwenye tofali, hata wakati wa kupiga magoti. Nilimwonea aibu. Wenzangu walinitania: "Bibi yako anashikilia kanisa lisianguke!"

Pasaka moja sisi wasichana tukapewa kazi ya kupaka chokaa. Nikachagua nguzo ya Bibi, apate pazuri pa kushika. Kwenye tofali moja palikuwa na kishimo kama kijiko cha uji, na vitobo vitano juu yake. Nikakiziba kwa mchanga na chokaa, nikasawazisha, nikapaka mara tatu. Katekista akanisifu mbele ya wote: "Huyu ana mkono wa fundi!"

Jumapili Bibi akaweka kiganja. Akapapasa juu, akapapasa chini, kama mtu aliyeangusha sindano.

"Nani kapaka hapa?"

"Mimi, Bibi," nikajibu kwa maringo.

Akanitazama mpaka wimbo ukaisha. "Umepaka vizuri, ng'wanone." Yaani mwanangu, ndivyo tunavyosema kwetu. Tangu siku hiyo alikaa nyuma karibu na mlango, mikono mapajani.

Tulipomzika ndipo mama akanieleza. Wakati wa ujenzi Bibi alimshusha mgongoni mtoto wake wa kwanza, ndiyo kwanza anasimama dede, naye akakanyaga tofali bichi. Fundi akataka kulivunja, Bibi akamsihi aliache. Kabla tanuri halijapoa homa ikamchukua mtoto, hajabatizwa. Wakamkatalia makaburi ya kanisa. Alizikwa porini, na mvua zikafuta mahali. Ni unyayo tu uliopata kuingia kanisani.

Nilikwenda na kijiko nikakwangua mpaka kucha zikatoka damu. Chokaa ilikuwa imeshika. Kweli nilikuwa na mkono wa fundi.

Kabla ya hapo, ile sifa ya Bibi nilitembea nayo miaka kwa furaha. Sasa nami nimezika mtoto, na ninajua alichokuwa anafanya wakati ule wimbo unaimbwa: alikuwa na watoto wawili mbele yake, akamchagua aliye hai.