Kiti Kisichokuwa Kwenye Mchoro

Katika nyumba ile ya Spring Valley hakuna aliyempenda mwenzake, na sisi tuliitwa kuifanya ionekane tulivu.

Aliyepewa kazi ni mwanamke mmoja mpambaji wa nyumba za wenye uwezo, ofisi yake ghorofani katikati ya jiji. Mimi nilikuwa mbebaji wake, mshika ngazi wake, na mtu wa kufokewa. Tulimwita madam. Alinipata siku niliyompandishia kioo kikubwa kwa ngazi kwa sababu lifti ilikuwa imekufa. Nilipokitua nikamkuta anahamisha chungu kimoja juu ya meza, kushoto, kulia, kushoto tena, nikamuuliza kile chungu kimemkosea nini. Akaniangalia kama mtu aliyesemeshwa na ukuta.

"Kwa mtu wa kubeba," akasema, "unauliza sana."

Lakini kesho yake akanipigia simu, maana wabebaji wengine walikuwa wakimvunjia vitu.

Shule niliiacha kidato cha pili, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kupita. Nimeuza kava za simu mjini nikikimbizana na askari wa kaunti, nimelinda geti, nimepaka vanishi vitanda vya mafundi wa kando ya barabara pale Dagoretti Corner, ambako ndiko ninakolala hadi leo. Kazi hunichosha nikishaielewa. Hii haikunichosha upesi, kwa sababu madam, pamoja na ubaya wote wa ulimi wake, alijua jambo ambalo sikuwa nimejua kwamba linajulikana: kwamba jicho nalo hupima uzito. Kitu cheusi ni kizito kuliko cheupe hata kama mkononi vinalingana. Kiti chekundu kidogo kinaweza kuishinda sofa nzima ya rangi ya mchanga. Ukiweka vizito vyote upande mmoja, mtu akiingia atahisi chumba kinamwangukia, na hatajua kwa nini, atasema tu hapendi hapo. Na kila chumba kina mahali ambapo jicho hutua kwanza mtu akifungua mlango. Mahali hapo, madam alisema, usipaachie takataka.

Nilirudi na maneno hayo kwenye chumba changu cha mabati, chenye godoro, jiko na mitungi ya maji, nikaanza kuvihamisha jioni baada ya jioni. Jirani yangu alichungulia akaniuliza kama natafuta panya.

Mwenye nyumba ya Spring Valley, nikisema yule mwenye sauti, alikuwa mke. Neno lake lilikuwa amani. Mtu akiingia asikie amani, sebule ipumue amani. Alilisema kwa meno yaliyofungana. Mumewe tulimfahamu kwa sauti ya simu tu, simu ikiwekwa juu ya meza ya jikoni ili kila mtu amsikie akikataa kusema lolote. "Mambo ya sebule ni yenu," alikuwa akimwambia mke. Na mama mzazi wa mume naye aliambiwa kwa simu hiyohiyo, "Mama, hao ni watu wa kazi, waache wafanye."

Kwa sababu mama alikuwepo. Alikuwa ameletwa kutoka Makueni kwa matibabu ya goti, goti likapona kiasi chake, na mama hakurudi. Alikuwa amekuja na kiti chake nyuma ya pikapu. Kilikuwa kiti cha mbao nyeusi, mikono mipana, mito miekundu, na mgongoni kitambaa alichokifuma mwenyewe kwa nyuzi za kijani na rangi ya machungwa. Kilikaa kando ya mahali pa moto, na mama alikaa ndani yake tangu chai ya asubuhi, redio mapajani ikiimba nyimbo za dini za Kikamba kwa sauti ya juu kabisa.

Madam alipofungua mchoro wake juu ya meza, kila kitu kilikuwa jozi. Sofa mbili zinazotazamana katikati ya chumba, mbali na kuta. Taa mbili ndefu. Meza mbili ndogo, ambazo mimi ndiye niliyekwenda kuzisimamia kwa fundi Dagoretti. Katikati ya ukuta mrefu, mbele ya mahali pa moto, pale jicho linapotua kwanza, alichora kigoda chenye chungu kitupu.

"Na hiyo kiti?" nikauliza.

"Hiyo kiti haiko kwa mchoro," mke akajibu kabla ya madam.

Baadaye, jikoni, nikiwa juu ya ngazi nashusha pazia, nilimsikia mke akimweleza madam waziwazi, kama vile mtu aliye juu ya ngazi hana masikio. Alisema amechoka kuwa mgeni kwake. Alisema kumfukuza mama mkwe hawezi, lakini mtu asiyekuwa na pa kukaa huikumbuka nyumba yake mwenyewe. Madam alimuuliza kama pazia zije na kitambaa cha ndani au bila.

Mama alijua. Sidhani aliambiwa na yeyote, lakini tangu siku hiyo alianza kukaa kwa makusudi. Tukitaka kuviringisha zulia, miguu yake iko juu ya zulia. Tukitaka kupaka ukuta, kichwa chake kiko mbele ya ukuta. Mimi ndiye niliyetumwa kumwomba asogee, na kila mara alinusa hewa kabla ya kunijibu, akasema nanuka gundi na kwamba vijana wa Nairobi wanavuta kila kitu. Kwao, alisema, mtu mwenye nguvu kama zangu yuko shambani, hahamishi viti vya wanawake. Sikumpenda. Sitaki mtu asome hapa afikiri nilimpenda.

Wiki ile ya mwisho zamu yake ya maombi ilifika. Wanawake Wakamba wa kanisa alilojiunga nalo hapa Nairobi huzunguka nyumba kwa nyumba, kila mmoja akiwakaribisha wenzake kwa zamu, wakiimba, wakiombea wagonjwa, wakila. Mama alitangaza kwamba Jumamosi watakuja kwake. Mke akasema sawa, na kwamba atawatandikia nyuma, kwenye vyumba vya wafanyakazi, kuna kivuli kizuri na hewa.

"Wageni wangu wakae na kamba za nguo?" mama akauliza.

"Ni hewa safi, mama."

"Mimi sijaishiwa na hewa."

Madam naye alikuwa amepanga mpiga picha aje Jumamosi hiyohiyo asubuhi, kwa sababu ya mwanga. Picha zile ndizo zilizokuwa zimpatie kazi ya nyumba nyingine mtaa huo. Kama mke alikuwa amemwambia kuhusu maombi au hakumwambia, sikuuliza, na hilo si kawaida yangu.

Ijumaa mama alipelekwa kliniki ya goti. Gari lilipotoka tu getini, madam akanielekeza kwa kidevu. Nilikibeba kile kiti mgongoni hadi vyumba vya nyuma, nikakisimamisha kati ya pasi na magunia ya makaa. Tukatandika zulia jipya, rangi ya maziwa, tukaweka vitu vyote pahali pake, na lazima niseme kweli: chumba kilikuwa kizuri. Nilisimama mlangoni na kifua kikashuka. Hakuna upande uliovuta. Nilikuwa nimejenga vitu, nimebomoa vitu, lakini sikuwa nimewahi kuona hewa ikipangwa.

Mama aliporudi alisimama pale pale mlangoni kwa fimbo yake, akaangalia mahali palipokuwa na kiti. Hakumuuliza mkwe wake. Aliniuliza mimi.

"Umebeba peke yako?"

"Ndiyo, mama."

"Una nguvu za bure."

Akaenda chumbani kwake, na redio haikulia.

Jumamosi mpiga picha alikuwa tayari ameinua miguu mitatu ya kamera yake wanawake walipofika. Askari wa getini aliwafungulia, wangezuiwaje, walisema wamekuja kwa mama na kila mmoja alikuwa na Biblia. Walipita mlango mkubwa, wakavua viatu, wakasalimu, kisha wakaiona sebule. Sofa katikati ya chumba, moja ikiwapa mgongo.

"Kwani mnahama?" mmoja akauliza.

Hakukuwa na ubaya ndani ya swali lake. Wakafanya walichofanya katika kila nyumba walimowahi kuombea. Maombi hayafanywi watu wakipeana migongo. Viti vyote huenda ukutani, kila mmoja amwone kila mmoja, na katikati panabaki wazi kwa anayesimama kushuhudia. Wakaishika sofa ya kwanza, wawili huku, wawili huku, wakaisukuma. Madam akaja mbio kutoka kwenye korido.

"Wamama, tafadhali, msiguse hapo."

"Usijali, tunawasaidia tu," akaambiwa, na yule mama akampa meza moja ndogo aishikilie.

Akabaki ameishikilia. Kile kigoda na chungu chake kitupu kilisogezwa nyuma ya pazia, na kabla mpiga picha hajaelewa kama aendelee au aache, ile amani yote ilikuwa imebanwa ukutani na wanawake wameketi juu yake mabega yakigusana, mikoba mapajani.

Mama peke yake ndiye aliyesimama. Mmoja alijibana ampishe nafasi, akakataa kwa mkono. Mke alikuwa ametokea jikoni, gauni jeupe alilovaa kwa ajili ya picha, midomo imepakwa.

"Mama, si ukae hapo kwa sofa."

"Hiyo ni ya wageni," mama akasema. "Mimi si mgeni."

Wale wanawake wakatazamana. Kila mmoja wao alikuwa mkwe wa mtu au ana mkwe, na walikielewa walichokuwa wakikiona upesi kuliko nilivyokielewa mimi. Mwenye kukaribisha amekosa pa kukaa nyumbani kwa mwanawe. Wangeimba, wangekula, na wangekwenda na habari hiyo mpaka Makueni. Baada ya hapo kweli angeondoka, kwa aibu, na angejifungia mizigo mwenyewe.

Mama akanitazama. "Kijana. Kiti yangu."

Madam alikuwa karibu nami, bado na meza mkononi. Alisema polepole, bila hata kugeuza shingo, "Ukitoka kwa huo mlango, endelea kutembea."

Nikatoka. Haikuwa huruma. Madam alikuwa amenifunza kuona, na nilikuwa nataka kuona. Nilikwenda nyuma, nikakitoa kiti kati ya pasi na magunia ya makaa, nikakipangusa kwa shati langu, nikarudi nacho. Njiani nilikuwa nikifikiria nitakiweka wapi. Kando ya mahali pa moto, kilipokuwa zamani, upande ule ungelemea sana. Nilikipitisha juu ya vichwa vya wanawake wawili, nikakituliza katikati ya ukuta mrefu, baina ya zile taa mbili, pale jicho linapotua kwanza. Mbao nyeusi, mito miekundu, kitambaa cha kijani na rangi ya machungwa. Chumba kizima kikakigeukia. Nilimsikia madam akivuta pumzi, na nilijua ameona nilichoona. Akafumba macho. Kamera ikalia mara moja. Mpiga picha hakuwa ameambiwa aache.

Mama akaketi. Akatikisa makalio kushoto na kulia.

"Inacheza."

Mguu mmoja ulikuwa umekanyaga ukingo wa zulia. Nikapiga magoti, nikakunja kadi ya sampuli za rangi iliyokuwa mfukoni mwangu, nikaiingiza chini. Hakusema asante. Tayari alikuwa anamtazama mkwe wake.

"Mama watoto," akasema kwa sauti ya upole kabisa, ya kanisani, "wageni wanawe mikono."

Msichana wa kazi alikuwepo, na angeweza kutumwa yeye. Lakini wanawake walikuwa wanatazama, na mama alikuwa ameketi, na mama akiwa ameketi hivyo mbele ya wageni wake kuna mtu mmoja tu anayeshika jagi na karai. Mke akaenda jikoni. Akarudi amevishika, taulo begani juu ya lile gauni, akaanza upande wa mlango, akiinama mbele ya mmoja baada ya mwingine, akimimina, akisubiri, akisonga. Maji yalidondoka juu ya zulia la rangi ya maziwa na hakuna aliyeyaangalia isipokuwa madam. Walimbariki kwa Kikamba, kila mmoja. Kabla ya kumfikia mama alirudi jikoni kuongeza maji.

Aliyoyaleta yalikuwa yanatoa mvuke. Aliyamimina bila kumtazama usoni, na mkondo ulikuwa mnene. Mikono ya mama iligeuka miekundu. Hakuitoa. Aliisugua polepole, kidole kwa kidole, hadi jagi likakaribia kuisha.

"Ongeza," akasema.

Wimbo ukaanzishwa na mtu mmoja, wengine wakaudaka. Nilipita jikoni kuchukua koti langu. Mke alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma na lile karai limejaa maji machafu, anapumua kwa pua.

"Umefurahi sasa?" akaniuliza.

Nilifikiri swali lake kwa haki. Nikamwambia kwamba katikati palikuwa pepesi mno tangu mwanzo, kwamba chungu kitupu hakiwezi kushikilia chumba kikubwa vile, na kwamba sasa pamekaa sawa.

Akanimwagia karai lote miguuni. Nilitoka getini viatu vikilia kila hatua, na hadi nakaribia Westlands nilikuwa bado nausikia moto wa maji yale.