Mbabula ya Mama huko Kinama

Mwenye kutaka kuisema vibaya Kinama asianzie kwangu. Nilipojenga huku pembeni, kaskazini kabisa ya Bujumbura, marafiki zangu wa mjini walinicheka eti nimehamia shambani. Leo wao ndio wananiuliza bei ya viwanja. Mi nawamiminia chai tu.

Mtu mmoja alinishinda, naye ni mama yangu. Alizaliwa Buyenzi, mtaa wa mafundi magari na adhana, akaolewa hukohuko, akafiwa na mume hukohuko. Basi siku moja akaanguka uani akiwa peke yake, akalala chini hajiwezi, mpaka jirani alipokuja kuomba moto wa kupikia ndipo akainuliwa. Toka siku hiyo usingizi ukanipaa. Nilitaka aje akae kwangu, iwe mwisho.

Mama akakubali kuja kuangalia tu. “Nitakaa zile siku mbili za mgeni,” akasema. “Siku ya jembe unirudishe kwangu.”

Akaja na mbabula yake, lile jiko dogo la makaa, kaipakata kwenye teksi, maana gesi yangu haiamini. Mi nilikuwa nimejitayarisha. Nilikuwa nimenunua gunia la makaa, viberiti pakiti nzima, chumvi, mafuta, sabuni, ili asipate hata kisingizio kimoja cha kurudi Buyenzi.

Asubuhi ileile nikamtembeza. Nilimwonyesha soko, na ndagala, wale dagaa wa ziwani, waliokauka vizuri kuliko wa mjini. Nikampitisha barabara mpya ya mawe, kibanda cha maziwa ya mgando, na msikiti mdogo ambao waumini waliujenga wenyewe, huyu tofali, huyu siku ya kazi. Jioni nikamsimamisha nyuma ya nyumba, pale ambapo milima ya Kongo inaonekana ng'ambo ya ziwa ikigeuka zambarau. Watu wanalipa hoteli wapate kuona kitu hicho, mi nakiona nikianua nguo. Mama akatazama weee.

“Pazuri,” akasema, kwa sauti ya mtu anayesifu kitenge asichotaka kununua.

Nikakasirika, sitaficha. Nikamwuliza anakosa nini.

“Sikosi kitu, mwanangu. Umenunua viberiti vya kuwasha mji muzima. Lakini toka nimefika, apana mutu amepiga hodi.”

Nikamjibu kwamba huku watu wanaamkia kazini, kila mmoja ana ukuta wake, wanaheshimiana.

“Wanaheshimiana hawajuani,” akasema, akaenda kutawadha.

Kulipokucha nikakuta kitanda chake kitupu na lango liko wazi. Kichwani nikamwona tayari kalala mtaroni. Nikatoka mbio na kanga ya kulalia. Kumbe yuko ng'ambo ya barabara, uani kwa mama mmoja Mkongomani ambaye miaka yote nilikuwa namsalimia kwa kichwa tu. Kakaa kwenye kiti, mkono mmoja chai, miguuni kigae cha chungu kimejaa makaa mekundu. Alikuwa amekwenda kuomba moto. Mtoto wake ana viberiti pakiti nzima, yeye anaomba moto! Yule jirani akanitazama, akacheka mpaka akashika ukuta.

Nikabeba kile kigae, tukarudi polepole, na njiani mama akanisimulia mtaa wangu mwenyewe. Kwamba hapa palikuwa mashamba. Kwamba wakati wa vita watu walikimbia Kinama, na waliporudi walikuta majani yamewapita kichwa, wakatafuta viwanja vyao kwa miti waliyoipanda. Ule mparachichi wa pembeni, ninaonunua maparachichi yake kila msimu, ndio ulioonyesha familia moja mlango wao ulikuwa wapi. Na kwamba yule jirani alifika kutoka Uvira na mtoto mgongoni, akalala kwa watu asiowajua, na wa kwanza kumpa moto alikuwa bibi mwenye mparachichi. Mambo yote hayo yalikuwa yanakaa ng'ambo ya barabara, na mi nawaonyesha wageni milima.

Jioni ile tukasikia hodi. Alikuwa yule jirani wa ng'ambo, na kigae mkononi.

“Mama, munisaidie moto kidogo.”

Mfukoni mwake kiberiti kilikuwa kinachungulia, nilikiona kwa macho yangu. Mama naye alikiona. Akasema bismillahi, akamchagulia makaa yaliyoshika vizuri, moja moja, kwa koleo, na wakaongea hapo langoni mpaka ugali wangu ukapoa.

Siku ya tatu nikaita teksi, maana ahadi ni deni, na mama nilikuwa nimemwahidi. Nikakunja mkeka wake, nikafunga mzigo wake. Nilikuwa naiona ile nyumba ya Buyenzi, na ule ua alipoangukia.

Nikamkuta amechuchumaa mbele ya mbabula, anafunika makaa kwa majivu yasizimike.

“Mama, teksi iko nje.”

Hakugeuka. Akaongeza majivu kidogo, akayapapasa kwa kijiko.

“Na yule wa ng'ambo,” akasema, “kesho akija kuomba moto, atampa nani?”

Nikatoka kumwambia dereva aende zake.