Manyoya Aliyoyapanga Mke Wangu

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Nilitoka kijijini miguu mitupu, nimesoma miaka miwili tu kwa mapadri, na kabla ndevu zangu hazijajaa nilikuwa na ateliye, karakana yangu mwenyewe, Kadutu mjini Bukavu, bati juu, kibao mlangoni. Kibao nilikiandika mwenyewe. Kilikuwa na makosa, wateja waliniambia baadaye, lakini walikuwa wameshaingia.

Kazi yangu ilikuwa fetri. Kwa asiyejua, ni kitambaa kinene ambacho hakifumwi wala hakisokotwi. Unachana manyoya ya kondoo, unayapanga juu ya mkeka, tabaka moja limelala na la juu yake limesimama, unamwagia maji ya moto yenye sabuni, halafu unasugua mpaka yashikane. Yakishikana yanajikunja. Ulichopanga kwa upana wa meza kinabaki kama nusu ya meza, na ukizidi kusugua kinazidi kupungua. Na kikishapungua hakirudi tena.

Nilijifunza kwa mama mmoja Mzungu niliyekuwa boi wake, huko juu ya ziwa ambako asubuhi kuna baridi. Alikuwa anatengeneza viatu laini vya kuvaa nyumbani, na mimi nilimbebea maji ya moto. Hakunifundisha. Nilitazama. Alipouza nyumba ili arudi kwao, niliomba beseni lake kubwa badala ya mshahara wa mwisho. Wapishi na maboi wenzangu walicheka sana. Haukupita muda, wake za wakoloni walikuwa wanapanda mteremko wa Kadutu na visigino vyao, wanashikana mikono wasianguke, wanatafuta kofia zangu. Nani alicheka hapo?

Jumanne na Alhamisi mchana nilifundisha wanawake. Fetri haielezwi kwa mdomo. Uzito wa mkono, saa ya kuongeza nguvu, saa ya kuacha, vyote vinapita kwenye mikono. Mwalimu anaweka mikono yake juu ya mikono ya mwanafunzi, wanasugua pamoja, basi. Njia nyingine sijaiona. Siku moja bwana mmoja alifika mlangoni, kofia imeinama kwenye jicho.

"Papa, njo wewe unashikaka mikono ya bibi yangu?"

"Ndiyo. Kuja na wewe, nishike yako."

Wanawake walicheka mpaka maji yakamwagika. Yeye hakucheka. Mke wangu aliinuka, akafuta sabuni kwenye kitambaa chake, akamwambia yule bwana, "Tonton, usikasirike. Kuanzia leo mikono ni yangu. Huyu atabaki na mdomo, huo haumuchokeshi."

Ikawa hivyo. Mimi niliuza, nilikata, nilisema. Yeye alishika mikono ya watu. Alikuwa mtoto wa upande wa Walungu, kule milimani nje ya mji, mdogo wa mwili, na viganja vyake vilikuwa vipana kuliko vyangu. Aliposugua alikuwa na namna yake: alianza na kisigino cha mkono, akamaliza na vidole, kama mtu anayelaza mtoto. Wanafunzi wote wa Kadutu walisugua hivyo kwa sababu yake.

Mama yake hakuipenda kazi yetu hata kidogo. Kwao ngozi ya kondoo ndiyo ya kubebea mtoto mgongoni. Ngozi iliyombeba mke wangu ilikuwa bado imetundikwa ukutani kule kijijini. Kila tulipoenda, yule mzee alisema na binti yake mimi nikisikia, "Kondoo iko ya kubeba mutoto. Nyinyi munaichemusha na sabuni. Halafu munashangaa tumbo inakataa."

Na kweli tumbo lilikataa miaka mingi. Halafu likakubali.

Niliamua mwanangu abebwe kwenye fetri, si kwenye ngozi. Mbeleko ya fetri nyeupe, isiyo na mshono hata mmoja, jambo ambalo hakuna mtu alikuwa amelifanya Kivu nzima. Mke wangu alikataa. Kwao hakuna anayemwandalia mtoto kitu kabla hajalia. Nilibembeleza, nikajisifu, nikanuna. Mwishoni alitafuta njia ya katikati: alichagua manyoya meupe kuliko yote, akayapanga juu ya mkeka kwenye meza ya nyuma, mapana sana ili yakipungua yatoshe mgongo, akayafunika shuka.

"Yako makavu," alisema. "Manyoya tu. Upepo ikipita yanaruka. Siku mutoto atalia, tutamwanga maji."

Mtoto alilia. Msichana. Mama yake alimsikia, hilo nina hakika nalo, kwa sababu alinigeuzia uso na kusema, "Weka maji kwenye moto." Niliweka. Nilikuwa uani napepea makaa nilipoitwa nirudi ndani, na damu yake ilikuwa haisimami. Maji yalichemka yakakauka. Sufuria iliungua na hakuna aliyeiepua.

Nilifunga ateliye. Manyoya yalibaki mezani chini ya shuka, sikuweza kuyatazama wala kuyatoa.

Mama mkwe alikuja kwenye kilio, na kilio kilipokwisha alibaki kwa ajili ya mtoto. Dada mdogo wa mke wangu alikuwa amezaa kule Walungu na alikuwa na maziwa. Mtoto angeenda kwake. Hapa mjini nani angemnyonyesha, mimi? Kwetu mtoto akilelewa kwa bibi yake, baba analeta ng'ombe wa malezi ndipo anamchukua. Nilikubali. Nilitaka kitu kimoja tu, kwamba mwanangu arudi nyumbani kwangu, na ng'ombe mimi ningekosa wapi?

Asubuhi ya kuondoka, yule mzee alikuwa anazunguka nyumba akikusanya nguo za binti yake. Akaingia ateliye. Akafunua shuka.

"Hii ni nini?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni, uso nimeugeuzia nje. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hamgusi hata kidole, hamwamuru. Nikajibu nikiangalia barabara, "Mama, ni ya kubebea mutoto. Alipanga yeye mwenyewe."

Nilingoja atukane.

"Yeye mwenyewe? Kwa mikono yake?"

"Ndiyo, mama."

"Basi leta maji."

Nilileta maji ya moto, nikayaweka chini ili achukue mwenyewe, nikarudi mlangoni. Nilitaka kumwita jirani, mwanafunzi wetu wa zamani, aje amshike mikono. Mama mkwe akakataa. "Apana. Hii ya mutoto yangu nitaimaliza miye peke."

Basi nilimfundisha kwa mgongo, mimi niliyejaza Kadutu na mafundi. Nilisema, mwanga maji polepole. Nilisema, sugua kama unabembeleza. Nilisikia sabuni ikilia chini ya viganja vyake, na kwa sauti tu nilijua anasugua kwa nguvu mno, lakini maneno hayafiki kwenye mikono. Yule aliyekuwa mikono yangu tulikuwa tumemzika.

"Mukwe," aliita, "inanikimbia. Inakuwa kidogo."

"Ni vile, mama. Inapungua ndiyo inashikana."

Akaendelea. Nikasema, "Mama, inatosha." Hakusikia, au alisikia. Alikuwa analia sasa, anasugua na kulitaja jina la binti yake. Nikasema tena, "Mama, nakuomba, inatosha."

"Ngojea kwanza. Iko bado laini."

Kama angekuwa mwanafunzi mwingine yeyote ningevuka chumba kwa hatua tatu nikamshika vifundo vya mikono. Nilibaki mlangoni. Nilishika mwimo wa mlango badala yake, mpaka kibanzi kikaniingia kwenye kidole.

Aliposimama, mbeleko ilikuwa imekwisha. Kilichobaki kilikuwa kigumu, kinene, kimejikunja katikati, kiasi cha kofia. Nilitupa jicho, nikaliondoa. Yeye alikigeuza huku na huku, hakuelewa, halafu akaelewa.

Alimfunga mtoto mgongoni na ile ngozi ya zamani, alikuwa amekuja nayo. Kisha akachukua kile kipande kikiwa bado na unyevu, akakiweka kwenye kichwa cha mtoto. Kilimfunika mpaka puani.

"Siku itamubana," alisema, "uje na ng'ombe yako."

Nilifungua ateliye tena, nikafanya kazi kama mwenda wazimu. Nilichukua wasichana wawili wa kushika mikono, niliuza viatu mpaka mtaa wa Nyawera kwa wafanyabiashara, nilikuwa na saa ya mkononi. Kila mwezi shofere wa kamiyo, lori la kwenda Walungu, alinipelekea sukari na sabuni kwa mama mkwe. Mimi mwenyewe nilienda mara chache. Mtoto alikuwa ananikimbia.

Miaka ilipita, na siku moja shofere alirudi na ujumbe: "Mama mukwe yako anasema kofia iko inabana."

Nilinunua shati jipya. Asubuhi nilimlipa shofere nafasi yangu ya kwenda na nafasi mbili za kurudi, mbele, karibu naye, mtoto asitikiswe. Kwenye soko la Walungu nilinunua mtamba mweusi mwenye afya, nikamvuta mwenyewe mpaka nyumbani kwao.

Sikusikia mbwa wala mtu. Nilisikia sabuni. Nyuma ya nyumba mama mkwe alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni la mbao, manyoya yametandazwa, na mbele yake, katikati ya mikono yake, alikuwa mwanangu. Ile kofia ilikaa juu kabisa ya kichwa kama kifuniko cha sufuria. Viganja vya yule mzee vilikuwa juu ya viganja vya mtoto. Walisugua polepole, wakaanza na kisigino cha mkono, wakamaliza na vidole.

Mimi ndiye niliyemfundisha kwa mgongo. Namna ile sikumfundisha mimi. Alikuwa ameitafuta peke yake miaka yote ile, akikumbuka binti yake.

Mtoto aliinua macho kwa bibi yake. "Koko, huyu ni nani?"

"Ni papa yako. Amekuja kukuchukua."

Aliniangalia, akaangalia ng'ombe, akaangalia beseni. "Ngojea kwanza," aliniambia. "Iko bado laini." Kisha akarudisha mikono yake chini ya mikono ya bibi yake.

Nilimfunga mtamba kwenye mti. Sikumdai mtoto. Nilimwambia mama mkwe, nikiangalia mlima, kwamba malezi yamelipwa na mtoto ni wangu, na abaki. Sauti ya sabuni ilisimama kidogo, halafu ikaendelea.

Kwenye kamiyo shofere alitoa kichwa dirishani. "Papa, mutoto iko wapi? Ulilipia watu wawili."

"Twende."

Hakuna aliyekaa pale katikati yetu mpaka Bukavu. Njiani nilipiga hesabu: mtamba alikuwa faranga elfu mbili na mia nne, kwenda kwangu thelathini, kurudi kwa watu wawili sitini. Yote pamoja, faranga elfu mbili, mia nne na tisini.